Sikio Lililopita Kichwa

Sogeeni karibu na mbabula, makaa bado yana moto. Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili, simu zenu zimebaki na chaji kidogo, na redio pekee iliyobaki nyumba hii ni mimi. Leo mtanisikiliza.

Mchana, tukiwa tunakula bukari na sombe, mmoja wenu (simtaji, anajijua, ni yule anayejificha nyuma ya dada yake) aliniambia hivi: "Kambo, wewe muziki wako ulipewa na baba yako. Mimi wangu nimeuchagua mwenyewe." Kisha akaongeza sauti ya simu. Ulikuwa wimbo wa RJ Kanierra wa Lubumbashi, "Tia", ule uliovuma mwaka 2023 hata watu wasiojua Katanga iko wapi wakaucheza. Sikujibu, maana mdomo ulikuwa umejaa. Sasa uko mtupu.

Kwanza neno moja kwa watakaoisoma hadithi hii wakiwa mbali, Mombasa au Unguja: huku Kolwezi, Kongo, kambo si baba wa kambo. Ni babu, au bibi. Watoto hawa ni damu yangu, msiwahurumie.

Haya. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Katika mambo ya heshima, nakubali. Katika muziki, walikosea. Sikio lilifika mapema. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, miezi kama mitatu kabla hajazaliwa, wakati kichwa hakijui hata kwamba ni kichwa. Anasikia moyo wa mama, sauti ya mama, mchi ndani ya kinu, na wimbo anaouimba mama akichota maji. Kichwa kinapokuja kudai kwamba kinachagua, kinakuta nusu ya kazi imekwisha.

Msidhani nawatungia. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Amerika ya Kaskazini, Erin Hannon na Sandra Trehub, walichapisha majaribio mazuri sana. Walichukua muziki wa nchi za Balkani, kule Ulaya ya kusini-mashariki, ambako mapigo mengi huchechemea: mafupi na marefu yanachanganywa, si moja-mbili, moja-mbili. Wakawapigia watoto wachanga wa Amerika ya Kaskazini, kisha wakaharibu pigo kidogo. Watoto wa miezi 6 walitambua mara moja kwamba kuna kitu kimeharibika. Watu wazima wa huko huko hawakutambua. Na watoto wa miezi 12? Walikuwa wameshakuwa kama watu wazima, hawasikii tofauti. Ila hao wa miezi 12 walipopigiwa muziki wa Balkani nyumbani kwa wiki mbili, sikio lao lilifunguka tena. Watu wazima walipopewa dawa hiyo hiyo, sikio lao halikufunguka hivyo.

Fikirini hilo. Mtu wa mwaka mmoja, hajui hata kujipangusa kamasi, sikio lake limeshaamua nyumbani ni wapi.

Sasa mniulize nyumbani kwangu kulikuwa na nini mwaka ule wa kwanza.

Nilizaliwa mwaka 1958 katika kambi ya reli, hapa hapa Kolwezi. Mji wenyewe ulikuwa bado kijana. Ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na Union Minière waliupanga kama mtu anavyopanga kabati: Wazungu droo ya juu, makarani ya kati, wachimbaji ya chini. Sisi wa reli tulikuwa na kijidroo chetu pembeni. Treni ilipita karibu kiasi kwamba sahani zilitetemeka juu ya kichanja. Mama alinisimulia kwamba usiku nilipokataa kulala hakujisumbua kuniimbia. Alinifunga mgongoni, akasimama mlangoni, akangoja treni ya mizigo. Behewa la kumi likipita, mimi nimeshasinzia.

Wekeni hiyo treni mfukoni. Tutaihitaji baadaye.

Mama alikuwa Mchokwe wa upande wa Dilolo, kule ambako reli inaingia Angola. Baba yake alikuwa anapiga likembe. Wachokwe wenyewe huiita chisanji. Ni kibao chenye vijino vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Vijino hivyo huvishwa pete ndogo za bati ili kila sauti itoke na mvumo, kama nyuki aliyefungiwa koponi. Mgeni akisikia anadhani kifaa kimeharibika. Mtu wa kwetu akisikia sauti isiyo na mvumo ndiyo anayodhani imeharibika. Mimi mpaka leo kinanda kisafi cha kanisani kwangu ni mchuzi usio na chumvi.

Na kanisani pia nilibebwa, tena sana. Mwaka 1953 padri Mfransisko wa Ubelgiji, Placide Tempels, yule aliyeandika kitabu cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alikuja kufanya kazi katika kambi za wachimbaji za Kolwezi. Hapo yakazaliwa makundi yaliyoitwa Jamaa. Ndiyo, neno hili hili letu. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishana kwa Kiswahili, wakaimba kwa Kiswahili. Wazazi wangu walikuwamo. Na mwaka ule ule niliozaliwa, kule Kamina, mji wa reli kaskazini yetu, padri mwingine Mfransisko, Guido Haazen, alikuwa na kwaya ya wavulana na walimu wao walioimba Misa ya Kilatini kwa namna za Kiluba, kwa ngoma. Waliiita Missa Luba. Wakaipeleka Ubelgiji mwaka huo huo, ikarekodiwa, na santuri yake ikazunguka dunia. Mama alikuwa akisema, "Wazungu waliisikia ngoma ile kwenye santuri kabla sisi hatujaruhusiwa kuipiga Jumapili." Alikuwa na ulimi, mama yangu.

Lakini mwenye muziki nyumbani alikuwa baba.

Baba alikuwa mtu wa njia. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma, jua na mvua, na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga nati za reli moja baada ya nyingine. Nati iliyokazwa hulia kii. Iliyolegea hulia ko. Anasikia ko, anainama, anakaza, anaendelea. Kilomita ngapi kwa siku sijui, najua tu kwamba alikuwa analipwa kwa sikio lake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchezea muziki hivi hivi.

Alizaliwa karibu na Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya mkoa wetu wa Lualaba, katika eneo la Lubudi. Bunkeya ndiko Msiri, mfanyabiashara aliyetoka nchi tunayoiita leo Tanzania, alikojenga ufalme wa Bayeke katika karne ya 19, mpaka alipouawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Na Bunkeya ndiko, mwaka 1930, alikozaliwa Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana kama Mwenda wa Bayeke. Kwa baba yangu, kuzaliwa jirani na Bosco ilikuwa kama kuzaliwa jirani na mlima: hukuujenga wewe, lakini unauonyesha wageni kwa kidole.

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Bosco Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi. Akamrekodi "Masanga". Nataka mjue kilichowashangaza watu. Bosco alikuwa peke yake na gitaa moja kavu, lisilo na umeme, na alikuwa akitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na shahada. Gumba linatembea chini, linashika besi. Shahada inarukaruka juu, inaimba. Ukifumba macho utaapa kwamba ni wanaume wawili wamekaa kwenye benchi moja, mmoja mzito, mmoja mchokozi. Santuri zake zilifika Kenya, vijana wa huko wakakesha wakijaribu kuiba vile vidole. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye mwenyewe na binamu yake, Edouard Masengo, walikwenda kupiga Nairobi. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mtu wa Bunkeya, vidole viwili.

Baba alijitengenezea gitaa kwa mkebe wa mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Kila Jumapili baada ya misa alikaa kizingitini na bakuli la kinywaji cha munkoyo karibu na mguu, akaanza "Masanga". Sauti chache za mwanzo zilikuwa safi kabisa. Halafu anafika mahali fulani ambapo gumba lazima lishuke wakati shahada inapanda, na hapo anakosea. Anacheka. Anaanza tena. Anakosea pale pale. Miaka, wajukuu zangu! Sikuwahi kumsikia akivuka. Mpaka leo nikimsikia Bosco mwenyewe kwenye santuri, tukikaribia mahali pale mwili wangu unangoja kosa la baba. Halitokei. Na mimi, mzee mzima, nakasirika kidogo, kama vile Bosco ndiye aliyesahau kitu.

Huo ndio urithi ninaousema. Sikurithi Bosco wa santuri. Nilirithi Bosco aliyepinda mahali pamoja, na huyo hauzwi popote.

Basi nikafika miaka 15, umri wa yule anayejificha. Ilikuwa mwaka 1973. Nchi imeshabadilishwa jina kuwa Zaire, na Katanga imebatizwa Shaba, mkoa mzima ukiitwa kwa jina la kile kinachochimbwa chini yake. Yaya wangu (huku yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto) alikuwa amepata kazi na amenunua pikap ya kuchezea santuri. Jioni moja akaja na santuri ya Zaiko Langa Langa.

Zaiko lilianzishwa Kinshasa mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba 1969, na vijana wengi wao wakitoka madarasani. Wazee wa muziki wa Kinshasa, akina Franco na Tabu Ley, walikuwa na safu za saksafoni na tarumbeta, wamevaa vizuri, wanakwenda kwa adabu. Hawa vijana wakazitupa tarumbeta. Wakabaki na magitaa ya umeme, waimbaji wengi mbele, na drami zinazokimbia kama mtu aliyeiba kuku. Miongoni mwa waimbaji alikuwamo Jossart Nyoka Longo, ambaye amelishika kundi hilo miaka yote hii, na kijana mwembamba aliyekuja kuitwa Papa Wemba.

Nilisikia upande mmoja wa santuri, nikaomba urudiwe mpaka yaya akaificha sindano.

Baba hakupenda. Kwanza, ilikuwa Kilingala, na kwa mtu wa umri wake hapa Katanga Kilingala kilikuwa lugha ya askari. Ukikisikia mlangoni usiku, kuna mtu anatafutwa. Bosco aliimba Kiswahili. Pili, alisema: "Wako kumi, na hakuna anayemngoja mwenzake." Mimi nikamjibu jambo ambalo sitalirudia mbele yenu, nikapelekwa kulala bila kula. Kilingala nilikijifunza kwa santuri zile zile, neno kwa neno, mengine nikiyakosea kwa miaka.

Nitasema ukweli: kwamba baba hakuupenda ilikuwa nusu ya utamu wake. Hili nalo linaitwa kufundishwa na familia, ingawa wengi hawalihesabu. Mtoto huchagua wimbo kwa kuangalia uso wa mzazi wake unakunjamana wapi. Bila Bosco wa baba, nisingemhitaji Zaiko kwa nguvu ile. Nilikuwa na kitu cha kukataa, na hiyo ni bahati. Wako watoto wanaokulia kwenye nyumba isiyo na muziki wowote, hawana hata cha kugombania.

Lakini ngojeni. Itoeni sasa ile treni mfukoni.

Siku moja baba alirudi kazini mapema, mvua ilikuwa imewafukuza njiani. Santuri ilikuwa inacheza, mimi sikumsikia akiingia. Nilipogeuka, amesimama mlangoni na nyundo bado mkononi, na mpini unagonga sakafu. Kidogo kidogo. Si kwa hasira. Ulikuwa unafuata drami. Akaniuliza, "Huyu wa ngoma, baba yake ni mtu wa reli?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Hiyo ni treni ya mizigo inayopita kwenye maungio. Mabehewa yamejaa." Akaenda kunawa mikono.

Nilicheka sana siku ile, nikawasimulia marafiki zangu: mzee wangu kila kitu kwake ni reli. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kujua. Pigo lile lina jina, linaitwa kavacha, na karibu kila ndombolo mnayoicheza leo bado inakimbilia juu yake. Anayetajwa kuwa baba yake ni mpiga drami wa Zaiko, Meridjo Belobi. Na Meridjo mwenyewe alisimulia kwamba alilipata kutokana na mlio wa treni.

Nilipolisikia jambo hilo nilikaa chini. Mimi niliyedhani nimewatoroka wazazi wangu mpaka Kinshasa, kilomita zaidi ya elfu, kwenye lugha nisiyoijua, kumbe nilikuwa nimerudi mgongoni kwa mama, mlangoni, nikingoja behewa la kumi.

Hata hao walioniroga walikuwa na nyumba zao masikioni. Mama yake Papa Wemba alikuwa mwombolezaji. Watu walimwita misibani kuja kulia na kuimba, na mtoto akiongozana naye. Msikilizeni Wemba anapopandisha sauti ile nyembamba hata wimbo ukiwa wa mapenzi, mtajua alikoitoa: kule matangani. Franco, aliyezaliwa mwaka 1938, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli (mnaona? reli tena) akafariki mwanawe angali mdogo. Mama yake akauza maandazi sokoni Léopoldville, Kinshasa ya sasa, na Franco, na kigitaa cha kujitengenezea, akapiga karibu na meza ya mama ili wateja wasimame. Miaka 30 aliongoza bendi ya OK Jazz, na nikimsikia namuona bado anauza maandazi: anakuvuta, anakusimulia umbea, halafu kabla hujajua umetoa pesa.

Kuna mtafiti mwingine, Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwaka 2013 yeye na mwenzake waliwachezea vijana wa miaka kama 20 nyimbo zilizovuma tangu mwaka 1955 hadi 2009, wakawauliza zipi zinawagusa. Walitegemea vijana wapende za wakati wao, na walizipenda. Ila kulikuwa na kilima kingine: nyimbo za mwanzo wa miaka ya 1980, wakati wazazi wao walipokuwa vijana. Na kilima cha tatu, kidogo, nyimbo za miaka ya 1960. Za bibi na babu. 

Muziki wetu nao ulisafiri, msidhani ulikaa hapa ukingoja. Baba Gaston, mzaliwa wa Likasi, aliondoka na bendi yake ya Baba National, akapita Dar es Salaam, akafika Nairobi katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1976 wanamuziki wake kadhaa wakamwacha wakaunda Mangelepa. Kenya mpaka leo Krismasi haijafika kabla redio haijapiga "Kakolele Viva Christmas" ya Baba Gaston. Kuna watoto wa Nakuru na Kisumu ambao Krismasi yao ina ladha ya Likasi na hawajui. Tanzania nako waliwapata akina King Kiki, aliyefariki Novemba 2024. Ukitaja "Kitambaa Cheupe" mbele ya Mtanzania yeyote mwenye umri wangu, atatafuta kitambaa.

Yaliyofuata hapa Kolwezi nitayapita haraka. Mei 1978 vita viliingia mjini, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuwasha hata redio. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na mwezi huo huo, kama vile msiba unaita msiba, Bosco alikufa kwa ajali ya gari Zambia. Shaba iliyokuwa ikitoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka mpaka kama tani 30,000 mwaka 1994. Maisha yakakaza. Yaya aliuza pikap kwa magunia mawili ya unga. Santuri hakuna aliyezitaka, zikabaki.

Ndiyo maana mama yenu alikua katika nyumba yenye santuri arobaini na hakuna cha kuzichezea. Alizisoma tu majalada. Nyimbo za Zaiko alizijua kwa mdomo wangu, na mdomo wangu, kama mlivyoona, si Nyoka Longo. Ile anayoimba akisonga bukari, mnayoniuliza ni ya nani, ni ya Zaiko, ila imepita kwangu ikapoteza nusu ya maneno, ikapita kanisani kwake ikapata ya Yesu.

Sasa turudi kwa wewe uliyejificha. Toka nje, sikukasirikii.

Unasema wimbo wako umeuchagua mwenyewe. Vizuri. Hebu niambie, kijana yule anaimba lugha gani? Kiswahili. Si cha Unguja, si cha vitabu vya shule. Ni hiki hiki chetu cha Katanga, cha batoto na bamama, ambacho mwalimu wako anakikosoa. Miaka 50 iliyopita mimi nilikiacha Kiswahili nyumbani nikakimbilia Kilingala, kwa sababu nilidhani muziki wa maana hauwezi kuzungumza kama majirani zangu. Wewe simu yako ina Wanigeria, Wamarekani, Wafaransa, Kinshasa yote. Katika hao wote umekwenda ukamchagua mtu wa upande wetu anayeimba kama tunavyoongea sokoni. Mimi sikukufundisha hilo. Umeniruka, ukamwangukia baba yangu kizingitini.

Sitakuambia kwamba wimbo wako ni bora kuliko Zaiko. Si bora. Una mashine nyingi na watu wachache. Lakini jana ulipoucheza mara ya tatu nilijikuta natingisha mguu, na mguu huu, mnaujua, haudanganyi.

Treni nazo zimeanza kusikika zaidi. Tangu mwaka 2024 mabehewa ya shaba yanakwenda tena kwa njia ya Dilolo mpaka bandari ya Lobito. Mtoto mchanga wa dada yenu analala vizuri yakipita. Nimemchunguza.

Kuna sanduku chini ya kitanda changu. Santuri zimo, na kaseti 17 ambazo yaya alirekodi zamani redioni, na katika mojawapo baba anasikika nyuma akianza "Masanga" na kukosea. Kaseti ikikaa kwenye unyevu utepe wake huota ukungu, unagandana, na baada ya hapo hakuna fundi. Kwenu nyote mnaosoma, hata huko mbali: tafuteni sanduku la namna hiyo katika nyumba zenu, mtafute mashine inayocheza, mnakili kwenye simu, na mwandike pembeni ni sauti ya nani. Huku kwetu mvua zinaanza Oktoba.